Kinga ikipanda kichwani

Mjomba wangu alilazwa siku 11. Aliingia na homa na kichwa kinamgonga, siku ya pili akaanza kumwita mkewe kwa jina la dada yake marehemu, na kama kawaida yetu kila aliyekuja kumwona akasema hiyo malaria imepanda kichwani, mpaka kipimo cha malaria kikatoka hamna kitu, wakamchoma sindano mgongoni kuchukua maji ya uti wa mgongo, ndo tukaambiwa ni virusi kwenye ubongo. Virusi gani? Kipimo cha kuvijua hakikuwepo. Akapewa dawa, akapewa dripu, homa ikashuka, akaruhusiwa, karatasi imeandikwa amepona. Wiki mbili baadaye mama mdogo akatupia picha kwenye grupu la familia, chupa ya kijani yenye maandishi ya dhahabu, dawa ya kuongeza kinga ya mwili, shilingi 35,000, na chini yake kaandika: "Jamani tumchangie mjomba wenu apate nguvu ya kupambana, bado anasahau sahau."

Nikaandika mesej ndefu kumjibu, nikaifuta, maana mama mdogo hajibiwi hivyo mbele ya watoto. Hii hapa ndo ile mesej, ila imenenepa.

Shida yangu sio chupa peke yake. Shida ni hilo neno lenyewe, kuongeza kinga. Tunaiongelea kinga kama maji ya simtanki, ipo juu, imeshuka, ijaze, na ukiumwa maana yake ilikuwa chini. Kwa mafua labda unaweza kuishi na picha hiyo bila madhara. Kwa ubongo ni picha mbovu kabisa, kwa sababu humo ndani kinga hiyohiyo ndo inakuokoa na ndo inakubomoa, wakati mwingine ndani ya wiki moja, wakati mwingine ni seli zilezile, na ukitaka kuelewa kilichompata mgonjwa lazima uulize imefika lini, imefika wapi na imeondoka saa ngapi. Ilikuwa nyingi au kidogo, hilo ni swali la mwisho.

Chukua virusi vya West Nile, maana hawa ndo wamenifundisha zaidi. Jina linatoka Uganda, wilaya ya West Nile, ambako mwaka 1937 watafiti wa homa ya manjano wenye kituo chao Entebbe (kituo kilekile kilichokuja kukamata Zika mwaka 1947) walichukua damu ya mama mmoja mwenye homa kule Omogo. Walikuwa wanasaka homa ya manjano wakapata kitu kingine. Damu ile ikadungwa kwenye bongo za panya, panya wakaugua ubongo, na Smithburn na wenzake walipotoa ripoti mwaka 1940 wakakitambulisha moja kwa moja kwenye kichwa cha ripoti kama kirusi kinachopenda mfumo wa neva. Mama mwenyewe kilichoandikwa juu yake ni homa.

Yaani kirusi kimoja, mtu kinampa homa, panya kinamla ubongo. Mwaka 1999 kikatua New York, mbu wakakisambaza, wagonjwa 62 wakathibitishwa na 7 wakafa, na tangu hapo Marekani peke yake kimeua zaidi ya watu 2,000. Lakini ukiwahesabu wote wanaoambukizwa, karibu 8 kati ya 10 hawasikii chochote, wengine wanapata homa na mwili kuuma wiki moja wanasahau, na mmoja tu kati ya 150 hivi ndo kinafika kwenye ubongo au uti wa mgongo. Kwa nini yule mmoja?

Mtu wa simtanki atakujibu kinga yake ilikuwa chini. Kwa wazee na kwa waliopandikizwa figo jibu lake lina ukweli kiasi. Ila mwaka 2023 timu ya Jean-Laurent Casanova, watafiti wa kinga wa Paris na New York, wakapima damu za wagonjwa wa West Nile wakakuta kitu cha kushangaza, karibu asilimia 40 ya wale walioshambuliwa ubongo walikuwa na kingamwili, zile protini ambazo kinga inatengeneza kunasa wageni, zinazokamata na kuzima intaferoni zao wenyewe. Intaferoni ni king'ora. Seli ikiingiliwa na kirusi inaimwaga nje, jirani zake wakiipata wanafunga milango, na hilo linafanyika saa za mwanzo kabisa kabla hata hizo kingamwili za maana hazijatengenezwa. Sasa fikiria mlinzi wa getini kwako, analipwa, ana afya, ana bunduki, na kila usiku anapita anakata waya za king'ora akidhani ni nyoka. Ndo hao. Na kingamwili za aina hii zinaongezeka watu wakivuka miaka 65, 70 huko, na ni zilezile zilizokutwa mwaka 2020 kwa karibu asilimia 10 ya waliozidiwa na Korona. Kwa hiyo babu aliyepigwa na West Nile mpaka ubongoni, kuna uwezekano mkubwa tu kwamba hakupungukiwa kinga, alikuwa nayo ya ziada iliyoelekezwa vibaya, na ukimwambia "ongeza" sijui unamwambia aongeze ipi.

Kuna lingine hapohapo. Seli za kinga zinapoitwa kwenda ubongoni zinahitaji alama za kufuata, na moja ya vipokezi zinavyotumia kusoma hizo alama inaitwa CCR5. Wanaofuatilia mambo ya Ukimwi jina hilo mnalijua, ndo mlango ambao HIV anaingilia, na Wazungu wa kaskazini baadhi yao wamezaliwa na nakala zilizokatika za jeni yake, yale maelekezo ya kurithi ya kuitengeneza, waliokatikiwa zote mbili HIV ya aina ya kawaida mara nyingi haiwapati, watu wakawaonea wivu. Mwaka 2006 ikaonekana watu haohao wakikutana na West Nile wanaumwa zaidi kuliko wengine, na panya wasio na CCR5 wanakufa maana seli T zao, askari wa kinga wanaosaka seli zilizoambukizwa, hazifiki kwenye ubongo kwa wakati. Bahati ya ugonjwa huu ni msiba kwa ule. Jeni hiyohiyo.

Hapo mtu atasema basi kumbe tunazitaka seli T kichwani, nyingi, haraka. Twende taratibu.

Zamani iliaminika ubongo ni kisiwa, kinga haikanyagi. Mwaka 1948 Peter Medawar alichukua vipande vya ngozi ya sungura mmoja akapandikiza kwenye ubongo wa mwingine, na vikakaa salama, wakati vikiwekwa kwenye ngozi vinakataliwa. Watu wakabeba hapo wakaondoka. Lakini nusu ya pili ya jaribio lake ndo tamu, sungura aliyekuwa ameshawekewa ngozi ile kifuani kwanza, kinga yake ikaijua, halafu ndo akawekewa ubongoni, alikataa kote kote, mpaka kile cha ubongoni kikaliwa. Maana yake askari wanaweza kuingia kisiwani, kinachokosekana ni mtu wa kupeleka habari nje kwamba kuna mgeni. Na hata hilo lilikuja kulegea, mwaka 2015 maabara mbili, moja Virginia moja Helsinki, zikaonyesha kwenye utando unaofunika ubongo wa panya kuna mishipa ya limfu inayotoa maji na habari hadi kwenye tezi za shingoni. Miaka yote hiyo vitabu viliandika haipo.

Sasa askari wakiingia wanafanya nini? Hapa ndo kuna panya maarufu kuliko wote. Kuna kirusi kinaitwa LCMV, kinabebwa na panya wa majumbani, ukikidunga kwenye ubongo wa panya mzima anakufa ndani ya wiki moja hivi kwa degedege. Miaka ya 1950 mtu akajaribu kuwapiga mionzi kwanza, kinga yao ikazimika, kisha akawadunga kirusi, ungetegemea wafe haraka zaidi. Hawakufa. Kirusi kilijaa ubongoni humo na panya anatembea. Ina maana kirusi chenyewe hakikuwa kinaua, kinachoua ni seli T zinazokuja kukifukuza, zinavimbisha utando, zinavujisha mishipa ya damu, na kwenye fuvu hakuna pa kuvimbia. Huyuhuyu panya ndo Rolf Zinkernagel na Peter Doherty walimtumia Canberra mwaka 1973 na 1974 kugundua namna seli T inavyotambua seli iliyoambukizwa, mpaka wakapewa Nobel mwaka 1996, na Doherty ni daktari wa mifugo, jambo ambalo napenda kuwakumbusha wale wanaowacheka rafiki zetu wa SUA, chuo cha kilimo cha Sokoine.

Mimi nikiifikiria hiyo naona mgambo wa jiji. Wameitwa kumwondoa mmoja anayeuza kwenye mtaro, wanafika na gari tatu, na wakiondoka yule mmoja kweli hayupo ila na vibanda vya mama ntilie vyote viko chini, sufuria zimepinda.

Ila mfano huo ukiuvuta sana unadanganya, maana mwili wenyewe umeshajua seli za neva sio vibanda. Seli ya ini ikiuawa itaota nyingine. Ya neva uliyonayo ndo hiyohiyo uliyozaliwa nayo, karibu zote. Kwa hiyo humo ndani kinga mara nyingi inafanya kitu ambacho sijaona kinasimuliwa kwenye redio hata siku moja, inamtoa kirusi bila kuua nyumba. Mwaka 1991 Beth Levine na Diane Griffin pale Johns Hopkins walikuwa na panya wasio na kinga kabisa walioambukizwa kirusi cha Sindbis kwenye ubongo, wakawapa kingamwili tu, na kirusi kikanyamaza ndani ya seli za neva, seli zikabaki hai. Kwa West Nile nayo seli T zinaweza kumwaga intaferoni ya aina nyingine inayofanya seli yenyewe izime kirusi kutoka ndani. Bei yake ni kwamba mabaki ya kirusi yanaweza kubaki humo muda mrefu, na kwa hiyo askari wengine hawaondoki, wanapanga chumba. Ni mapatano zaidi kuliko vita. Na mapatano ya namna hiyo yana gharama zake za kila mwezi.

Hapa ndo nafika kwa mjomba.

Robyn Klein na wenzake wa St. Louis walitoa kazi mwaka 2016 ambayo nikikutana na mtu aliyeuguza mgonjwa wa ubongo namsimulia hata kama hajaniuliza. Walichukua panya waliopona West Nile. Wamepona kweli, kirusi kimeondoka, wanakula, wanakimbia. Wakawaweka kwenye meza ya duara yenye mashimo pembeni, shimo moja tu ndo lina njia ya kutokea, panya mzima anajifunza baada ya siku chache lipo wapi. Waliopona wengi hawakujifunza. Walipofungua bongo zao, seli za neva za hipokampasi, eneo linalotengeneza kumbukumbu, zilikuwepo, hazijafa. Kilichopotea ni sinapsi, vile viungio ambavyo seli moja inaongelea na nyingine. Na aliyevila ni maikroglia, seli za kinga za ubongo wenyewe, zile zinazoishi humo tangu mtu yupo tumboni. Protini za kinga zinazoitwa komplimenti zilikuwa zimebandikwa kwenye sinapsi kama ile X nyekundu wanayochora kwenye nyumba zilizo kwenye hifadhi ya barabara, na maikroglia wakapita wanabomoa kwa kufuata alama. Panya wasio na uwezo wa kuweka hiyo alama sinapsi zao zilisalimika.

Ukisikia hivyo utataka maikroglia watolewe wote. Wapo waliojaribu, kuna dawa inawaondoa kwenye panya, na panya wakawekewa West Nile. Wakafa zaidi. Kumbe wakati wa moto haohao ndo wazima moto.

Kwa hiyo mjomba akiwa amekaa barazani anakuuliza kwa mara ya tatu kama kuku wameshafungiwa, na wewe kwenye karatasi umeandikiwa amepona, haina maana kwamba virusi bado vipo na havijapigwa vya kutosha. Kuna uwezekano vita viliisha zamani na anachoishi nacho ni kazi ya waliokuja kumsaidia, na ambao pengine hawajamaliza. Mimi sio daktari wake na sijasema ndo kilichompata yeye. Nasema chupa ya kuongeza nguvu za kupambana imejengwa juu ya dhana kwamba kuna adui amebaki, na hiyo dhana hakuna aliyeipima.

Sasa kuna watu wataruka upande wa pili, haya basi tumpe dawa za kushusha kinga. Hapa kuna majaribio mawili ya homa ya ubongo ya Kijapani, ugonjwa wa mbu unaosumbua Asia, ambayo nikiyaweka pamoja naona kama yamepangwa na mtu mmoja ili kutunyamazisha wote. La kwanza Thailand, matokeo yakatoka mwaka 1992, wagonjwa 65, nusu wanapewa deksamethasoni dozi kubwa, ile steroidi ya kushusha uvimbe, nusu maji matupu, hakuna anayejua nani kapata nini. Haikusaidia. La pili Vietnam, mwaka 2003, watoto 112, safari hii wanaongezewa intaferoni, yaani kile king'ora chenyewe kwa sindano. Haikusaidia. Punguza, hamna. Ongeza, hamna. Na mantiki ya kila moja ilikuwa nzuri tu kwenye karatasi.

Mimi nasoma hivi: mgonjwa anafika hospitali siku ya nne, ya tano, ameshaanza kuchanganyikiwa, saa ya king'ora ilipita siku nyingi, kirusi kimeshaenea, na uvimbe nao umeshaanza kazi yake, tena sehemu nyingine za ubongo bado zinahitaji seli T na nyingine zinaumizwa nazo, kwa wakati mmoja, ndani ya kichwa kimoja. Dawa inayozungusha koki moja ya mwili mzima kulia au kushoto itakuwa sahihi kwa robo ya ubongo na kosa kwa robo nyingine.

Ushahidi mkali kuliko wote kwamba kuipa kinga nguvu saa mbaya kunaua uko kwetu huku, na unahusu fangasi, kwa hiyo wataalamu mnisamehe nimetoka nje ya virusi hatua moja, ingawa aliyewaleta pale hao wagonjwa ni kirusi. Watu wenye HIV iliyokomaa hupata homa ya uti wa mgongo ya fangasi wa kriptokokasi. Akili ya kawaida inasema kinga imelala, mwanzishie ARV haraka iamke imsaidie. Uganda na Afrika Kusini wakalipima hilo kwa wagonjwa 177, matokeo mwaka 2014, wengine wakaanzishiwa ARV ndani ya wiki moja mbili, wengine wakasubirishwa mpaka wiki ya tano. Walioharakishwa walikufa asilimia 45 ndani ya wiki 26. Waliosubirishwa asilimia 30. Jaribio likasimamishwa kabla ya kumaliza. Hao ni binadamu, dawa nzuri kabisa, dawa iliyookoa mamilioni, na tofauti ilikuwa wiki chache tu za kalenda.

Na nisije nikaonekana nataka kinga ifungiwe nje. Kuna dawa ya MS, ugonjwa ambao kinga inashambulia neva za ubongo na uti wa mgongo wenyewe, inaitwa natalizumabu, kazi yake ni kuziba seli T zisipenye kuingia ubongoni, na iliwasaidia wengi. Iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2004, Februari 2005 ikasimamishwa kwa sababu kirusi cha JC, ambacho zaidi ya nusu ya watu wazima tunatembea nacho kimelala bila habari, kiliamka kwa baadhi ya wagonjwa na kuanza kula sehemu nyeupe ya ubongo. Walinzi walikuwa wanapita humo kila siku kimya kimya na hakuna aliyejua wanachozuia mpaka walipofungiwa geti. Ikarudi sokoni 2006 kwa masharti.

Kichaa cha mbwa ndo mfano wa kinga kutokuja kabisa. Kirusi kinaingia kwenye msuli penye jeraha, kinapanda kwenye neva, kinasafiri ndani yake kama mtu aliyejificha kwenye buti la gari, damu haikioni, kinga haikioni, kinafika ubongoni na hata hapo uvimbe ni mdogo kushangaza ukilinganisha na ukubwa wa msiba, na kile kizuizi kati ya damu na ubongo kinabaki kimefungwa, askari wako nje hawawezi kuingia. Dalili zikianza karibu wote wanakufa, makadirio ya dunia ni watu 59,000 kwa mwaka, na karibu wote ni wa Afrika na Asia. Mwaka 2004 kuna binti wa miaka 15 kule Wisconsin, Marekani, aling'atwa na popo akapona baada ya kulazwa usingizi wa dawa, dunia ikashangilia huo usingizi, wakauiga nchi nyingi na mara nyingi ukashindwa. Jambo ambalo halikutangazwa sana ni kwamba yule binti alifika hospitali kingamwili tayari anazo, na kirusi chenyewe hakikupatikana. Kinga yake ilikuwa imewahi. Ndo maana sindano za baada ya kung'atwa ni mashindano ya mbio na sio ya ubavu, unaosha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, unawahi chanjo ili kingamwili ziwe zinamsubiri kirusi njiani kabla hajapanda kwenye neva. Mtu anayesubiri Jumatatu kwa sababu mbwa ni wa jirani na anaonekana mzima ameshaanza kushindwa mbio.

Surua nayo ina kituko chake. Mtoto anaugua, anapona, anasoma, halafu miaka 7 mpaka 10 mbele anaanza kushuka darasani, anashtuka shtuka mwili, na maji yake ya mgongo yakipimwa yamejaa kingamwili za surua kuliko za mtu yeyote. Zimejaa! Kirusi kimebadilika, kimejificha ndani ya seli za neva kinahamia moja kwa moja kutoka seli hadi seli, kingamwili zinaogelea nje. Mtu wa simtanki hapa hana la kusema, tanki linafurika na nyumba inaungua. Ebola inafanana kidogo na hapo, nesi mmoja wa Scotland aliyepona mwanzoni mwa 2015 alirudi hospitali Oktoba mwaka uleule kirusi kikiwa kwenye maji ya ubongo wake, na utafiti wa nyani uliotoka 2022 ulikuta karibu mmoja kati ya watano waliookolewa kwa dawa za kingamwili bado ana kirusi kwenye vyumba vya maji ya ubongo. Dawa za aina hiyo ndo zilizoleta ahueni kubwa kwa wagonjwa wa Kivu na Ituri kule Kongo, na nazikubali, ila kufuatilia waliopona sio anasa.

Nimebakiza herpesi, na hii naisema kwa ajili ya wazazi. Kirusi cha herpesi cha kawaida, kile cha vipele vya mdomoni, watu wengi sana wanacho, na kwa wachache sana kinapanda kwenye ubongo. Mwaka 2007 watu wa Casanova walionyesha baadhi ya watoto hao wana hitilafu ya jeni moja, TLR3, inayohusika kuwasha king'ora ndani ya ubongo, na cha ajabu watoto hao kwa magonjwa mengine wako fiti. Kinga yao ya mwili ni nzima, ya mahali pamoja ndo ina tundu. Bila dawa karibu 7 kati ya 10 wanakufa, dawa ya asiklovira inapunguza sana vifo hivyo ikiwahi. Ila mgonjwa mmoja kati ya wanne hivi, wiki kadhaa baada ya kutoka hospitali, anabadilika upya, mtoto anakunja mikono na mdomo bila kukusudia, mtu mzima anaona vitu, anapiga kelele, halali. Zamani walidhani herpesi imerudi. Wengi wao kirusi hakipo, ni kinga iliyokuwa inasafisha vifusi ikatengeneza kingamwili dhidi ya vipokezi vya ubongo wenyewe, ugonjwa ambao Josep Dalmau aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka huohuo wa 2007. Na huo unatibika kwa kuituliza kinga. Sasa nyie niambieni, kwetu huku mtu aliyetoka hospitali mzima akaanza kuongea na ukuta wiki ya nne, wangapi wanarudishwa hospitali na wangapi wanapelekwa kuombewa au kwa fundi, na akirudishwa, wangapi wanafika wodi ya neva badala ya ya akili. Mwambieni daktari alishaugua ubongo, mtaje na tarehe. Huyo mtoto ukimpa chupa ya kuongeza kinga, ikifanya kazi kama ilivyoandikwa, unamwagia petroli. Bahati yake, chupa nyingi za namna hiyo hazifanyi kazi.

Hatimaye jana nilimpigia mama mdogo, nikamweleza kwa kifupi kuliko hivi. Akanyamaza kidogo akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu nirudishe pesa za watu?" Kulikuwa kumeshachangwa 90,000. Nikamwambia hapana mama, tufanye nauli na kumwona daktari wa neva, aulizwe kuhusu kumbukumbu, maana hakuna aliyempima kumbukumbu tangu atoke. Miadi ni Alhamisi.